Gemu la kalunguyeye na deni la sweta: Safari ya baba na mwana kutoka Mbulu hadi Hanang

Njia ya haraka ya kutoka Arusha kwenda Katesh inajulikana na kila dereva. Unafika Makuyuni, unapita Minjingu na Babati, unashika lami ya Singida, na kabla mtoto hajachoka kuuliza "bado mbali?", Mlima Hanang umeshajaa kwenye kioo cha mbele.

Likizo ya Juni, baba mmoja mkazi wa Arusha, fundi umeme wa majumbani, aliiacha njia hiyo. Alimchukua mwanawe wa miaka 11, wakapanda basi la Mbulu linalopita Karatu. Walikuwa wanakwenda kwa bibi mzaa baba, wilayani Hanang, lakini kwa njia ya kuzunguka.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku lililohifadhiwa chini ya kitanda cha shangazi yake mjini Mbulu. Ya pili ilikuwa kosa la kijana, na baba alitaka safari iwe ndefu kidogo ili wapate muda wa kuongea.

Wiki tatu kabla, mama wa kijana alifungua simu yake atume fedha ya dawa za presha za bibi, akakuta Sh38,000 hazipo. Kijana alikuwa anaijua namba ya siri. Alizituma kwa kijana mwingine wa mtaani anayeuza "almasi", yaani zile alama za ndani ya gemu la simu zinazomwezesha mchezaji kununua nguo na silaha za mchoro. Fedha ikaisha kwa siku mbili.

Baba hakumchapa. Alimwambia jambo moja tu: "Fedha haikuwa yangu wala ya mama yako. Ilikuwa ya bibi. Utakwenda kumwambia mwenyewe."

Kitu ambacho kijana hakukijua ni kwamba baba naye alikuwa na lake la kumwambia bibi, na alikuwa amelinyamazia tangu mwaka 1999.

Mbulu, mji wa sweta

Ukitoka Karatu kuelekea kusini, nchi inapanda na kushuka kama mkeka uliokunjwa vibaya. Mashamba ya mahindi, maharage na ngano yamepangwa kwenye miteremko, na nyumba zimesambaa kila moja na boma lake la ng'ombe. Hii ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji wanaosifika kwa kutumia vizuri ardhi ya milimani na samadi ya mifugo yao. Ukipita Bashay msimu wa mavuno, harufu ya vitunguu saumu inaingia hadi ndani ya basi.

Watafiti wa lugha wanaipenda sana sehemu hii ya Tanzania. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatoga kinachozungumzwa na Wabarabaig wa Hanang ni cha Kiniloti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda Chini, upande wa magharibi wa Mbulu, wana lugha yao ya vidoko isiyofanana na ya jirani yeyote. Wanyaturu na Warangi wa jirani ni Wabantu. Katika mnada mmoja mzazi anaweza kusikia lugha za asili nne tofauti, na wote wakaelewana kwa Kiswahili wanapofika kwenye bei.

Mji wa Mbulu uko juu, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Asubuhi ukungu unashuka, na watoto wa shule wanatembea mikono ikiwa imefichwa kwenye mikono ya sweta.

Baba alisoma hapa shule ya msingi, akiishi kwa shangazi yake. Basi lilipoingia mjini alimwonyesha mwanawe barabara waliyokuwa wakikimbia wakijifanya John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ambaye mwaka 1968 huko Mexico City alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani giza likiwa limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bendeji.

"Sasa alipata medali gani?" kijana aliuliza.

"Hakupata. Alikuwa wa mwisho."

Kijana alitafakari kidogo. "Basi kwa nini mlikuwa mnamwiga?"

"Kwa sababu alimaliza."

Sanduku chini ya kitanda

Shangazi aliwapokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Baada ya "shikamoo" na habari za nyumbani, alipiga magoti mwenyewe, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Ndani, likiwa limefungwa kwenye khanga, kulikuwa na boksi jeusi la plastiki lenye duara kubwa juu yake, pedi mbili zenye nyaya, na kaseti tatu za gemu.

Ilikuwa Sega Mega Drive. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1988, ikaingia Marekani mwaka 1989 kwa jina la Genesis. Mshindani wake, Super Famicom ya Nintendo, ilitoka Japani Novemba 1990, na nje ya Japani ikajulikana kama Super Nintendo. Hizo ndizo zilizoitwa mashine za biti 16.

Maana yake si ngumu. Mashine za kizazi kilichotangulia zilishughulikia namba kwa mafungu ya biti nane, na fungu la biti nane linabeba namba 256 tu. Fungu la biti 16 linabeba namba 65,536. Rangi zikaongezeka, muziki ukawa mzito, na picha zikaanza kukimbia bila kukwama. Super Nintendo iliuzwa zaidi ya milioni 49 duniani, na Mega Drive zaidi ya milioni 30.

Kwa mtoto wa leo hesabu ya kushangaza ni nyingine. Gemu zima la Sonic the Hedgehog la mwaka 1991, pamoja na milima, mapango, muziki na maadui wake, ni kilobaiti 512. Picha moja inayopigwa na simu ya kawaida ni kubwa kuliko hilo gemu mara kadhaa.

"Yaani picha ya mama ni nzito kuliko gemu lote?" kijana aliuliza, na shangazi akacheka hadi akaweka kikombe chini.

Lakini mashine hizo zilipokuwa zinapiganiwa madukani Tokyo na London, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara watu walisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, wengi wenye seti ya televisheni waliitumia kwa kanda za video.

Kwa hiyo gemu lilifika Afrika Mashariki kwa kuchelewa na kwa njia za pembeni: mtumba, mizigo ya mabaharia, ndugu aliyerudi kutoka Ulaya au Dubai. Mashine nyingi za bei nafuu zilizouzwa mijini hazikuwa hata za biti 16. Zilikuwa nakala zilizotengenezwa Asia kwa kuiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, kaseti moja ikidai kubeba magemu mamia. Watoto waliziita zote jina moja, TV gemu.

Mwaka 1999, mtu mmoja alifungua kibanda cha mabati karibu na stendi ya Mbulu. Alikuwa na jenereta, televisheni ya chogo na hiyo Sega. Japani, wakati huo, ilikuwa tayari mashine ya zamani, kwani PlayStation ilikuwa imetoka tangu mwaka 1994. Kwa watoto wa Mbulu ilikuwa maajabu. Shilingi 50 kwa dakika kumi, na mwenye kibanda alikuwa na saa ya ukutani aliyoiangalia kuliko alivyowaangalia wateja.

Biashara ilipokufa, mume wa shangazi aliinunua mashine ile kwa bei ya kutupa, akaichezea miaka michache na watoto wake, kisha ikaingia sandukuni. Mzee huyo sasa ni marehemu. Shangazi hakuwahi kuiuza.

"Ichukueni," alisema. "Hapa inakula vumbi tu. Lakini mwanangu, ile pesa uliyoimalizia hapo stendi ungejenga choo."

Baba alicheka, ila si sana.

Nani alianza kulipisha kwa dakika

Kutoka Mbulu walishika gari la Haydom kupitia Dongobesh. Kwenye kiti cha nyuma, sanduku likiwa mapajani, kijana aliuliza swali ambalo wazazi wengi hujiuliza kwa namna nyingine: kwa nini magemu ya zamani yanasifiwa kana kwamba hayakuwa na ubaya?

Yalikuwa nao. Wazazi wa wakati ule nao walilalamika. Mwaka 1993 gemu la mapigano la Mortal Kombat lilipoletwa kwenye mashine za nyumbani, damu na ukatili wake uliwashtua watu hadi Baraza la Seneti la Marekani likafanya vikao vya kuwahoji wenye kampuni, Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata, 1994, kikaanzishwa chombo cha kupanga magemu kwa umri, ESRB. Ulaya nayo ilipata wa kwake, PEGI, mwaka 2003.

Ndiyo maana leo mzazi akigeuza kasha la gemu, au akifungua ukurasa wa gemu kwenye duka la simu, ataona alama: E ni kwa wote, T ni kwa vijana kuanzia miaka 13, M ni kuanzia miaka 17. Za Ulaya ni namba tupu: 3, 7, 12, 16 na 18. Kuiangalia hakuchukui hata dakika moja.

Na fedha je? Gemu la Sega ulinunua kaseti mara moja, likawa lako mpaka liharibike. Halikukuuliza tena. Magemu mengi ya simu hutolewa bure, halafu mlango wa malipo umewekwa ndani, pale mtoto anapokuwa amenogewa. Hiyo ni tofauti kubwa, lakini si mpya kabisa. Street Fighter II, kabla ya kufika Super Nintendo mwaka 1992, ilikuwa mashine ya kwenye kumbi iliyomeza sarafu kila mchezaji aliposhindwa. Na kibanda cha Mbulu kilifanya vilevile kwa saa ya ukutani.

Baba alimweleza mwanawe hivyo bila kujitetea. Kisha akasema kuwa tangu siku ile nyumbani wamebadilisha namba ya siri ya simu ya mama, na kwamba haikuwa kwa sababu yeye ni mwizi, bali kwa sababu haikupaswa kujulikana na mtoto tangu mwanzo. Hapo kosa lilikuwa la wakubwa.

Haydom hadi Basotu

Haydom ni mji mdogo uliokua kuzunguka hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na wamisionari kutoka Norway katika miaka ya 1950, na hadi leo watu wanatoka wilaya za jirani na mikoa ya jirani kuja kutibiwa. Ukishuka kwenye gari utawaona wamekaa kwenye kivuli na vikapu vyao, wanaosubiri wagonjwa, wakipika chai kwa subira.

Magharibi na kaskazini ya hapo ndiko waliko Wahadzabe, wawindaji na waokotaji wa asali na matunda. Wao nao wana mchezo wao wa kubahatisha unaoitwa lukuchuko. Wanaume hurusha vipande bapa vya gamba la mti kwenye shina, wakiangalia vinavyoangukia upande gani, na dau ni mishale na vitu vingine vya thamani. Watu waliokaa nao waliandika zamani kuwa mwanamume anaweza kushinda kutwa nzima mchezoni. Kumbe tamaa ya kujaribu mara moja tena haikuletwa na umeme.

Barabara ya kwenda Katesh inapita Basotu. Hapa nchi inabadilika ghafla. Vilima vinapungua, mbuga inafunguka, na ngano inatanda mpaka macho yanachoka. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lililima mashamba makubwa ya ngano katika tambarare hizi za Hanang. Yalilisha viwanda vya unga, lakini pia yalichukua malisho ya Wabarabaig, ambao waliyadai mahakamani kwa miaka. Wazee wa huku wanakumbuka yote mawili: trekta kubwa walizoziona kwa mara ya kwanza, na njia za ng'ombe zilizofungwa.

Ziwa Basotu lenyewe lina maji baridi, na viboko wanaonekana wakitoa pua. Akina mama wa Kibarabaig walikuwa wanapita kando ya barabara, baadhi wamevaa sketi zao za ngozi zenye nakshi, bangili za shaba zikilia. Kijana alisahau sanduku kwa mara ya kwanza.

Kisha mlima ukatokea. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ni miongoni mwa milima mirefu zaidi nchini. Ni volkano iliyozimika, na kwa kuwa umesimama peke yake kwenye tambarare, unaonekana mkubwa kuliko hata namba inavyosema. Chini yake upande wa kaskazini kuna Ziwa Balang'da la chumvi, ambalo kiangazi hubaki uwanja mweupe.

Katika mji wa Katesh baba alinyamaza. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Matope, mawe na magogo vilishuka kwenye mikondo ya maji, vikapita Gendabi, Jorodom na Katesh yenyewe. Zaidi ya watu 80 walifariki. Mawe makubwa yaliyoshuka siku ile bado yapo katika baadhi ya maeneo, yamekaa mahali ambapo palikuwa na nyumba.

Kikao cha jikoni

Bibi anaishi kijijini, mwendo mfupi kutoka Katesh. Jioni hiyo kulikuwa na ugali, maharage na maziwa ya mgando, na jikoni kulikuwa na joto kuliko sebuleni, kwa hiyo wote walikaa jikoni.

Baba alikuwa amemwambia mwanawe achague muda wake mwenyewe. Kijana alikula, akanawa, akasema.

"Bibi, ile fedha ya dawa yako iliyochelewa, ni mimi. Niliitumia kwenye gemu."

Bibi alimwangalia muda mrefu. Aliuliza gemu ni nini, akaelezwa. Aliuliza almasi hizo ziko wapi, akaelezwa kuwa hazipo popote, ni picha. Hilo ndilo lililomsikitisha zaidi.

"Umenunua kisichokuwepo," alisema. "Haya. Yapo mahindi magunia manne kule ghalani hayajapukuchuliwa. Utaanza kesho." Kisha akamshika kichwa. "Lakini umesema mwenyewe. Wapo wanaokula jasho la mtu na hawasemi mpaka wanazeeka. Kama yule konda."

Baba aliacha kutafuna.

Mwaka 1999, bibi aliendelea, aliuza maharage debe mbili ili mtoto wake aliyesoma Mbulu anunuliwe sweta la shule. Alimpa fedha konda wa basi, kijana wa hapahapa Katesh waliyemwamini wote. Fedha haikufika. Mtoto alipigwa na baridi ile Juni nzima. Bibi alikwenda stendi, akasema mbele za watu. Mwezi haukuisha, tajiri wa basi akamwachisha konda kazi.

"Mpaka leo anakataa. Ana kaduka kake pale Katesh, mimi sipiti. Hata mwaka ule wa matope, tope liliingia dukani kwake mpaka juu ya meza. Watu walikwenda. Mimi sikwenda kumpa pole."

Jikoni kulikuwa kimya, moto tu unalia.

"Mama," baba alisema. "Fedha ilifika."

Alisema yote. Kwamba konda alimkabidhi mkononi, noti zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Kwamba alikwenda nazo kibandani akikusudia kutumia shilingi 50 tu. Kwamba siku ya nne hazikuwepo, akaogopa, akaandika barua kuwa hakupokea kitu. Kwamba baadaye aliposikia konda kafukuzwa, uongo ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko yeye. Kisha miaka ikapita, na kila mwaka ukafanya iwe vigumu zaidi.

Kijana alikuwa anamtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Bibi hakujibu. Alifunika moto kwa majivu, akaingia kulala.

Dukani kwa mzee

Asubuhi walimkuta ameshavaa kitenge kizuri na sweta, kikapu cha maharage kiko mlangoni.

"Twende," alimwambia baba. "Na hilo sanduku lako libebe. Akaone kilichomtoa kazini."

Duka ni la chumba kimoja, nyumba ya mwenyewe iko nyuma. Kwenye ukuta bado kuna mstari wa kahawia unaoonyesha tope lilifika wapi. Mzee alipomwona bibi mlangoni alisimama, mkono ukiwa juu ya mfuko wa chumvi.

Bibi ndiye aliyeanza. Alisema amekuja kutoa pole ya matope, na kwamba anajua amechelewa. Kisha akasogea kando, baba akapiga hatua mbele, akasema maneno yaleyale ya jana. Safari hii sauti ilimkatika katikati.

Mzee alikaa kwenye kreti ya soda. Alikaa hivyo kitambo, mteja mmoja akaja akaondoka.

"Nilikupa mkononi," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa umesimama kwenye mti wa stendi. Ulikuwa na kidonda hapa." Aligusa paji la uso wake. "Nilikuwa naanza kufikiri labda nimechanganyikiwa, labda sikukupa."

Hakusema amesamehe. Aliuliza sandukuni mna nini.

Nyumba ya nyuma ilikuwa na umeme na televisheni ya chogo iliyonusurika kwa sababu ilikuwa juu ya kabati. Baba alitoa adapta ya volti tisa aliyokuja nayo, akaikagua mara mbili. Kijana alitaka kupuliza kaseti kama alivyoona kwenye video. Baba alimzuia: mate na unyevu wa pumzi huozesha meno ya shaba. Alichukua pamba yenye spiriti kidogo, akayafuta taratibu, akasubiri yakauke, akachomeka.

Kioo kilikuwa na chenga. Kisha ikatokea buluu, na mnyama mdogo mwenye miiba akapunga kidole.

Bibi alisogea karibu. "Huyu si kalunguyeye?"

Ni yeye. Wabunifu wa Sega walitaka mnyama anayeweza kujikunja mpira na kuviringika, wakamchagua kalunguyeye, wakampaka rangi ya buluu. Jamaa zake wa kweli wanaishi mashambani Hanang, wanatoka usiku kutafuta wadudu, na wakiguswa wanajikunja vilevile.

"Mbona anakimbia hivyo?" bibi aliendelea. "Kalunguyeye hana mbio. Na nani kampaka hii rangi?"

Mzee aliomba pedi. Kijana alikaa mkekani pembeni yake, akamwonyesha kitufe cha kuruka, akamweleza kuhusu pete: akiguswa na adui pete zote zinatawanyika, lakini akiwa na hata moja tu hafi. Mzee alikufa mara tatu ndani ya dakika mbili, roho zote zikaisha, maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Sasa?"

"Inaanza mwanzo, mzee. Hili halihifadhi ulipofika."

"Na umeme ukikatika?"

"Mwanzo pia."

Mzee alimtazama baba, akamtazama bibi, akarudisha macho kwenye televisheni. "Basi anzisha," alisema.

Baada ya likizo

Mashine ilibaki Katesh, kwa wajukuu wa mzee. Baba alikaa siku mbili zaidi ya alivyopanga, akang'oa nyaya za umeme za dukani zilizoliwa na tope na kuweka mpya, taa mbili na soketi tatu. Mzee alitaka kulipa vifaa. Baba alikataa, mzee akakataa kukataliwa, wakaishia kugawana nusu kwa nusu. Kuhusu kazi iliyopotea mwaka 1999 hakuna hesabu iliyopigwa, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia.

Kijana alipukuchua magunia yote manne. Vidole vilitoka malengelenge, bibi akampaka samli. Usiku mmoja alimuuliza baba yake kwa nini hakusema mapema, na baba akamjibu kuwa hakuwa na sababu nzuri, alikuwa na woga tu. Walirudi Arusha kwa njia ya lami.

Siku hizi bibi akienda Katesh siku ya mnada, chumvi na sabuni anazinunua kwa mzee. Watu wa jirani waliokuwa stendi mwaka ule walimuuliza imekuwaje. Amewaambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba aliyekula fedha alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Baba anajua anasemwa hivyo. Hajamwomba aache.